Mapipa Tisa ya Kikohozi

3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii iwakute mnapumua vizuri, wewe na mkaza mjomba, na masikio yako yasiwe yamezidi kuziba. Mama anakusalimu. Goti lake linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi uko salama. Juzi amemgombeza mwenye nyumba mpaka bomba la maji likatengenezwa siku hiyohiyo. Analalamika kwamba mdogo wake ameitupa kalamu na dada yake pamoja.

Simu kwako ni kazi bure. Mara ya mwisho nilipaza sauti hadi jirani akaja kubisha hodi, nawe ukanijibu kuwa huko kwenu pia mvua imenyesha. Ndiyo maana naandika.

Sasa nikueleze kilichonishikisha karatasi. Ofisi yetu imepewa kazi ya kuchunguza kama vivuko vinaweza kwenda kwa nguvu za jua badala ya dizeli, na kivuko cha kwanza kuchaguliwa ni chako. Ndiyo, Kikohozi! Nilipoona picha yake mezani, na moshi wake juu kama kilemba, nilicheka peke yangu wakadhani nimechanganyikiwa. Na hesabu zote nimepewa mimi niziongoze. Wenyewe wanaita upembuzi yakinifu.

Mpango si wa ajabu. Injini na tangi vinatolewa, mahali pake zinakaa betri na mota. Paa la meli litavaa paneli, ingawa hizo hazifikishi hata robo ya safari. Kazi kubwa itafanywa na paneli za juu ya ghala la gatini, zitakazojaza betri wakati meli imefungwa inasubiri abiria. Meli ya kukata bahari kuu kwa betri ni ndoto kwa sasa. Ya kwenda ng'ambo na kurudi, naiamini.

Yote yanategemea jambo moja: Kikohozi anakula kiasi gani? Ofisi ya gati imetuandikia mapipa tisa ya dizeli kwa wiki. Lakini wewe ndiye unayemlisha. Ni tisa kweli?

Mpwa wako, yuleyule wa maswali


26 Februari

Bi Maswali, mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Sisi wazima. Mkaza mjomba wako amenunua miwani, sasa anaona vumbi ambalo miaka yote halikuwepo, na mwenye kulipangusa ni mimi. Mwambie dada yangu goti halipendi ngazi, na ngazi hazipendi watu wanene. Nimesema mimi, wewe mjumbe tu.

Huo upembuzi yakinifu wako nimeusoma kwa sauti mezani, mkaza mjomba wako akauliza kama unaambukiza. Nikamwambia huyu ndiye yule mtoto aliyekuwa akifungua redio zetu. Kesho yake gati nzima ilijua. Nahodha amejua, mkata tiketi amejua, hata mwenye mashine ya kusaga, ambaye meli hapandi kwa kuogopa maji, amejua kwamba mpwa wa fundi anakuja kuufukuza moshi.

Na huo moshi uende zake. Abiria wa nyuma hufika ng'ambo wameziba pua kwa kanga, na mkata tiketi hufua shati lake jeupe mara mbili kwa siku moja. Kijana wetu wa grisi anakohoa kupita meli yenyewe.

Sasa andika haya. Asubuhi tunakwenda kama tunateleza. Mchana upepo unatupiga usoni na injini inalia. Mizigo ni saruji, kreti za soda, magodoro, na siku ya soko usiniulize. Tukipunguza mwendo kidogo tu, injini inakula kidogo sana. Nahodha hataki kwa sababu anapenda kuonekana akifika. Paa limechoka upande wa kulia, mtu mzito asilikanyage.

Kuhusu mafuta, kama mkubwa wa gati ameandika tisa, basi ni tisa. Mimi ni nani nimkosoe mkubwa? Andika tisa, mwanangu, uendelee na mengine.

Mjomba wako, fundi wa Kikohozi


18 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mama ameshaonana na daktari wa goti, akarudi akimsifu kwa upole wake na kumlaumu kwa ujana wake. Ujumbe wako wa ngazi nilimfikishia. Jibu lake siwezi kuliandika. Kaka naye amepata mchumba kweli safari hii. Harusi ni mwanzoni mwa Mei, na Mama ameshaamua wewe utakaa mbele.

Kazini nimeaibika. Nilipeleka hesabu ya mapipa tisa kwa wakubwa. Kwa ulaji huo betri zinakuwa nzito mno, Kikohozi angebaki na nafasi ya nusu ya abiria wake, na paa la ghala halitoshi hata tukiazima na la soko. Mkurugenzi alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga kalamu yake, akasema: "Kwa hiyo tununue meli mbili, moja ibebe watu na moja ibebe betri." Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, mjomba. Hilo ndilo linaloniuma. Niliicheka kazi yangu mwenyewe ili wasione nimeumia.

Lakini hiyo namba inanikataa. Nimepiga hesabu kwa ukubwa wa injini, kwa urefu wa safari, kwa mwendo wenu, nikaongeza upepo wa mchana na saruji na magodoro yako yote. Sipati tisa. Napata sita, na hapo nimeshakuwa mkarimu. Kwa sita kila kitu kinakubali: betri zinaenea, ghala linatosha, na akiba ya siku za mawingu inabaki. Mradi mzima unaishi au unakufa hapo katikati ya sita na tisa.

Kamati itakaa mwisho wa Mei. Tukishindwa wataagiza injini mpya ya dizeli, na habari ya jua itafungiwa kabatini miaka mingi. Kwa hiyo nakuomba, niangalizie. Tangi linavuja? Au injini ina ugonjwa?

Mpwa wako


20 Aprili

Mpwa wangu,

Barua yako nimeipata na nimeisoma. Mkaza mjomba wako hajambo. Mvua ilikuja, imeondoka.

Umeniuliza kama tangi linavuja. Tangi langu halivuji. Nimekaa nalo miaka mingi kuliko umri wako, najua kila mshono wake. Injini haina ugonjwa; inakohoa kama mzee anavyokohoa, ni tabia. Na mikono yangu ni safi. Kama huko kwenu kuna watu wamekaa kwenye viti vya kuzunguka wanahesabu mafuta ya wenzao, waje huku chini. Wakae kwenye joto hili. Mshahara ukatike miezi na miezi, mwenye duka awafungie mlango usoni, ndipo wahesabu.

Hesabu ya karatasi na hesabu ya meli ni vitu viwili. Ulipelekwa shule ukajue mambo, hukupelekwa ukajifunze kumpekua mjomba wako.

Harusini sitakuja. Kazi ni nyingi.

Mjomba

Nimeisoma tena kabla ya kuifunga, naona ni kali. Naituma hivyohivyo, kwa sababu najua nikiandika nyingine haitafika posta.


9 Mei

Mjomba, shikamoo.

Harusi imepita salama. Bibi harusi ana adabu na anacheka kwa sauti, Mama amempenda. Kiti chako kilikuwa mbele. Mama alikataa mtu yeyote kukikalia, akaweka mkoba wake juu yake mpaka watu wakatawanyika.

Niliuliza tangi, ukanijibu mikono.

Sikuulizi tena. Leo nasema mimi. Nilipokuwa nikiishi kwako nikisoma, kila Ijumaa ulinipa ndoo yenye mfuniko niipeleke kwa mwenye mashine ya kusaga, ukaniambia nisiitikise. Nilijua ni mafuta, pua nilikuwa nayo. Sikujua ni ya nani, na sikuuliza, mimi niliyekuwa nikiuliza mpaka kwa nini kuku hana meno. Muhula ukifika ada yangu ilikuwa tayari. Wenzangu walirudishwa nyumbani kwa kukosa ada, mimi sikurudishwa hata siku moja. Ndivyo nilivyojifunza hesabu, na hesabu hizohizo ndizo zimenionyesha mapipa matatu yasiyofika kwenye injini.

Naona aibu kwa ajili yako. Halafu naona aibu kwa kuona aibu hiyo, maana nilikula na nikashiba.

Nikiandika sita, watauliza matatu yanakwenda wapi, na watamtuma mtu mwenye kipimo akifunge kwenye mpira wa mafuta. Ukijua anakuja na ukaacha kuchota, mafuta yatabaki na huyo mtu ataona. Usipojua, atakukuta na ndoo. Nimeligeuza jambo hili kila upande, halina mahali pa kushika. Kwa hiyo nimeandika tisa. Ripoti nimeikabidhi jana. Inasema kivuko hiki hakiwezi kuendeshwa kwa jua, na chini yake kuna sahihi yangu.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha hasemi. Usinijibu neno juu ya hili. Nijibu kuhusu miwani ya mkaza mjomba.

Mpwa wako


10 Mei

Mwanangu,

Barua yako sijaipata, na baada ya ile niliyokuandikia sistahili kuipata. Najua harusi imeshapita. Siku ile nilivaa suti tangu asubuhi, nikakaa nayo sebuleni. Mkaza mjomba wako akaniuliza nimevaa kwa ajili ya nani, nikaivua.

Siku hizi naikumbuka ile barua yako, mahali ulipoandika kwamba ulicheka pamoja nao. Nikiwa chini kwenye injini, mahali ambapo sisikii kitu, hicho nakisikia.

Leo nimekwenda posta, nimerudi. Kuna jambo nimelifanya, lisikuhangaishe. Ukiulizwa na wakubwa wako neno lolote linalonihusu, wewe hujui kitu. Hujui, basi. Sikuombi, nakuagiza kama mjomba wako.

Msalimie dada. Mwambie chochote alichokiweka kwenye kiti changu akiondoe, kiti kikaliwe na wenye adabu. Namjua, lazima alikiwekea kitu.

Mjomba


4 Juni

Mjomba, shikamoo.

Barua zetu zilipishana njiani. Yako ilinifikia asubuhi ya kikao chenyewe. Niliisoma nimesimama kwenye korido, nikafika kwenye "hujui kitu", sikuelewa. Nikaingia ndani.

Mwenyekiti ni mama mmoja wa makamo, mpole, asiyependa maneno mengi. Akasema kabla ya ripoti kuna barua imetoka kwa fundi wa kivuko. Aliponyanyua karatasi niliutambua mwandiko wako nikiwa upande wa pili wa meza, zile herufi zako kubwa kama umezigonga kwa nyundo. Akaisoma yote. Sijawahi kusikia maneno yako yakitoka kwenye kinywa kingine, na natamani nisingeyasikia hivyo.

Kwamba meli hii haili mapipa tisa, inakula sita. Kwamba katika kila mapipa matatu mnayopokea, moja haliingii tangini. Kwamba ulianza pale mshahara ulipokatika, na mshahara uliporudi hukuacha, "kwa sababu mkono ulikwishazoea." Kwamba ulifanya peke yako. Kwamba mhandisi wao ni mpwa wako, amepewa namba ya uongo na hajui lolote, na hesabu yake ikirudiwa kwa sita itatoka sawasawa.

Peke yako, mjomba? Nilikuwa mtoto, sikuwa kipofu. Nahodha alikuwa na dumu lake. Mkata tiketi alikuwa na chupa zake. Na mkubwa wa gati, aliyeandika hiyo tisa kwa mkono wake?

Mwenyekiti akanigeukia, mbele yake ripoti yangu imefunguliwa, namba tisa na sahihi yangu vinaonekana. Akaniuliza kwa upole, "Ulikuwa unajua?"

Nikasema, "Sikujua."

Nilisema upesi, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Sikukumbuka agizo lako hata kidogo, sitaki kukudanganya. Niliogopa tu. Nilijiogopea. Mkurugenzi, yuleyule aliyenicheka, akanishika bega akasema, "Pole. Ndugu wanaweza kumwangusha mtu." Na mimi nikaitikia kwa kichwa. Nikaitikia, mjomba, mbele ya watu, juu yako.

Hesabu ilirudiwa kwa sita. Imekubali. Kamati imepitisha, fedha zimetengwa, Kikohozi atapandishwa nchi kavu, chelezoni, mwezi wa nane, na nimeteuliwa kusimamia kazi. Wamenipigia makofi. Mwenyekiti alisema barua ya fundi imewaepusha na kosa kubwa, halafu katika pumzi hiyohiyo akasema fundi achukuliwe hatua.

Jioni Mama alikuwa anakunja nguo. Nilimweleza yote. Akaniuliza kitu kimoja tu, "Ukajibuje?" Nikamwambia. Akaendelea kukunja nguo mpaka zikaisha, kisha akazikunjua akaanza kuzikunja upya.

Siwezi kukaa hivi. Nataka kurudi kwa mwenyekiti nimwambie nilijua, na kwamba tisa niliiandika nikijua. Niambie niende, nami nitakwenda hata kesho.

Mpwa wako, kama bado unanihesabu


30 Juni

Bi Maswali,

Marahaba. Usiniandikie tena "kama bado unanihesabu". Mambo mengine hayahitaji upembuzi.

Barua zako mbili zilinifikia zikifuatana, ile ya Mei na hii. Ile ya Mei niliisoma nikaikunja, nikakaa. Mapipa tisa umeyatilia sahihi kwa ajili yangu! Nilikuwa nimejivika aibu ili wewe upite, kumbe wewe ulishajivika yako ili mimi nipite. Ningekuwa na masikio mazima ya kusikia simu, huenda mmoja wetu angebaki amesimama.

Habari zangu ni hizi. Nimeachishwa kazi. Karatasi ilitiwa sahihi na mkubwa wa gati mwenyewe, hakuniangalia usoni, na dumu lake la Ijumaa nilikuwa nikimpelekea mimi. Sikumtaja. Nikiwataja wote, nani ataiendesha meli kesho asubuhi? Mabaharia wananisalimia kwa heshima mno siku hizi. Zamani tulikuwa tukitukanana vizuri tu. Sasa mtu akiniona ananiita mzee wangu na kunipisha njia, na heshima hiyo inanichoma kuliko tusi. Mwenye mashine ya kusaga ndiye pekee ambaye hajabadilika. Alinisimamisha jana akaniuliza kama na hilo jua jipya linachoteka kwa ndoo. Nikajikuta nacheka, halafu nikaona aibu ya kucheka, nikaondoka.

Mkaza mjomba wako hakuniuliza kwa nini nilichota, maana fedha za mafuta yale ndizo alizopikia. Aliniuliza kwa nini sikuacha. Mshahara ulirudi, wewe ulimaliza shule, taa zilikuwa zinawaka. Nimetafuta sababu nzuri ya kumpa nikakosa. Ilikuwa rahisi, ndiyo sababu. Na mtu aliyekuwa akiwapa watu mafuta alikuwa akiitwa baba kila alipopita. Nilipenda kuitwa.

Sasa lako. Usiende kwa mwenyekiti. Najua unaona mimi nakulinda, lakini sikiliza kwanza. Wanachokiamini ni barua yangu, na ndani ya barua yangu imeandikwa kwamba hujui. Ukiwaambia ulijua, watasema fundi ni mwongo mara ya pili, na sita yangu wataitupa pamoja nami. Watarudi kwenye injini ya dizeli, na kijana wa grisi ataendelea kukohoa. Mimi nimeshalipa. Usifanye malipo yangu yawe bure ili wewe upate usingizi. Hilo la usingizi utalibeba kama ninavyolibeba langu, na sikudanganyi, ni zito, na halizoeleki.

Na lile la kuitikia kwa kichwa, ndugu wanaweza kumwangusha mtu. Nimelisoma zaidi ya mara moja. Lilinikata, sitasema halikunikata. Lakini yule bwana alisema kweli.

Paa la kulia lishughulikieni kabla ya kupandisha paneli. Mota ifungwe juu kidogo, maji huingia nyuma mkijaza mizigo siku ya soko. Na mbaneni nahodha apunguze mwendo, betri zitamshukuru.

Siku ya kuzindua utakuja na wakubwa wako, na ndivyo inavyopasa. Mimi gatini sitakuwepo, nitasema naumwa. Si kwamba sitaki kuiona ikiondoka bila moshi. Nataka kuliko unavyofikiri. Ila watu hawakosi midomo, lazima mmoja ataninyooshea kidole akuulize yule mzee ni nani wako, na sitaki kuwa karibu nikuone unatafuta jibu.

Mjomba wako